Flai za kuzama si flai za kuelea: hadi lini tutakatwa malipo na wanunuzi wasiojua wanachonunua?

Ndugu wafungaji wa flai na wavuvi,

Ninaandika nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Wiki iliyopita mnunuzi mmoja wa hapa Nairobi, ambaye sitamtaja, alinirudishia dazeni 18 kati ya dazeni 30 za flai za kuvulia samaki aina ya trauti nilizompelekea, yaani ndoano zilizofungwa uzi na manyoya ili zifanane na wadudu, na hakulipa hata senti kwa zile zilizorudi. Sababu aliyotoa ni kwamba uzi umechafuka na manyoya ni machache. Nimeinamia jiliwa, kile kifaa kinachobana ndoano wakati wa kufunga, kwa miaka 16, na sijawahi kutukanwa kwa lugha ya upole kiasi hicho.

Tuanze na huo uzi unaoitwa mchafu. Flai alizoagiza ni za kuzama, na sehemu yake ni Greenwell's Glory, ambayo James Wright wa Sprouston, kando ya mto Tweed huko Uskoti, alimfungia Kasisi William Greenwell mwaka 1854. Mwili wake ni uzi wa hariri wa njano uliosuguliwa nta ya fundi viatu, na ni nta hiyo inayoufifisha unjano hadi ukaribie rangi ya zeituni, kama walivyo wadudu wadogo wa mtoni ambao flai hiyo inawaiga. Juu yake huzungushwa waya mwembamba wa rangi ya dhahabu. Kumwambia mfungaji kwamba uzi huo umechafuka ni sawa na kumrudishia mpishi pilau kwa sababu wali wake si mweupe.

Dazeni nyingine zilikuwa Partridge and Orange, flai isiyo na mbawa kabisa: uzi wa hariri wa rangi ya chungwa, na unyoya mmoja wa kwale wenye madoadoa ya kahawia, unaozungushwa mara moja na nusu, au mbili ukizidisha sana. Uchache huo ndio kazi yenyewe. Flai ikiingia majini, nyuzi chache na laini za unyoya hufunguka na kujikunja kwa kufuata mkondo, na trauti huona kitu chenye miguu, kitu kilicho hai. Ukizungusha mara nne, kama mnunuzi huyu anavyotaka, unapata ufagio. Ni kweli kwamba ufagio unapendeza zaidi ndani ya kisanduku cha dukani, lakini trauti hanunui dukani.

Linalonikera zaidi ni vifaa. Kwa oda inayofuata nimekabidhiwa manyoya ya shingo ya jogoo, magumu na yanayong'aa, pamoja na ndoano za waya mwembamba, kisha nikaambiwa nifunge flai za kuzama. Manyoya hayo hutumika kwa flai za kuelea kwa sababu ugumu wake huishikilia flai juu ya maji, na ndoano nyepesi huchaguliwa kwa sababu hiyo hiyo. Flai ya kuzama huhitaji unyoya wa kuku jike au wa ndege kama kwale, unaolainika na kunywa maji, pamoja na ndoano ya waya mnene inayoivuta chini. Niliyaeleza hayo kwa adabu. Nikajibiwa kwamba wateja wako Uingereza na hawatatambua tofauti. Watu ambao babu zao walikuwa wakizivulia flai hizi kabla trauti hawajaletwa Kenya mwaka 1905 ndio wasitambue?

Tena flai hizo zikishindwa kuzama, zitarudi kwa jina la nani? Si la aliyenunua ndoano za bei rahisi. Zitarudi kwa jina la mfungaji, na makato yatatoka kwenye dazeni zake, kwa kuwa sisi hulipwa kwa dazeni zilizokubaliwa na wala si kwa saa tulizokaa tukikodoa macho.

Oda hiyo sitaifunga kwa vifaa hivyo. Jumatatu ninakwenda kwa mnunuzi huyo kudai malipo ya dazeni zangu 18, na nitabeba glasi ya maji, flai moja niliyorudishiwa na nyingine niliyoifunga kwa manyoya yake ya jogoo na ndoano yake. Nitazidondosha zote mbili mezani kwake, ndani ya glasi hiyo, aniambie ni ipi aliyoiagiza.