Nakompaili chrony, make inalalamika kwamba faili zina tarehe ya mbele

steshenari_tanga

Wakuu, habari za muda huu. Nina kompyuta ya mezani hapa steshenari, ina Debian. Umeme ukikatika, ikiwaka inarudi Januari 2009. Mteja anakuja kuprinti barua, tarehe inajijaza yenyewe, barua inatoka ya 2009, na wengine hawagundui mpaka wafike huko walikotumwa. Kivinjari nacho kinagoma kufungua tovuti, eti cheti bado hakijaanza kutumika.

Nikaamua kuweka chrony, programu ya kusahihisha saa ya kompyuta kupitia mtandao. Intaneti yangu ni ya simu, ya kuungaunga, basi kijana mmoja akaniwekea tar.gz ya msimbo wake kwenye flashi nikompaili mwenyewe. build-essential (vifaa vya kukompaili) nilikuwa nayo tayari. Nilipoifungua, tar ikamwaga maonyo kibao kwamba faili zina tarehe ya mbele. `./configure` ikapita. `make` ikamalizia na "Clock skew detected. Your build may be incomplete." Nikapiga `sudo make install` hivyo hivyo, ikakubali. Lakini `systemctl start chronyd` (chronyd ndiyo yenyewe inayokaa nyuma ya pazia ikirekebisha saa) inasema hakuna huduma ya jina hilo. Sasa imeingia au haijaingia?

mtaa_wa_nyuma

Mkuu, hiyo ni betri ya mazabodi. CR2032, bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Badilisha, mambo ya kukompaili achana nayo. Na kama ni lazima chrony, si upige tu `apt install chrony`, ishushwe tayari mtandaoni?

bi_terminali

Betri abadilishe, sina ubishi. Ila kazi ya betri ni kuishikilia saa wakati mashine imezimwa, haiisahihishi. Fuwele inayoendesha saa ikikosea sehemu 20 tu kwa milioni, hiyo ni karibu sekunde 1.7 kwa siku. Apt kweli ndiyo njia fupi, na mtu mwenye bando asihangaike na njia nyingine. Huyu ameshafika katikati ya mto, tumvushe.

Kaka steshenari, `make` huamua nini cha kujenga kwa kulinganisha tarehe za faili. Msimbo wako umeandikwa juzijuzi, mashine inaamini ni 2009, kwa hiyo haijui kipi kipya na kipi cha zamani. Programu ya kurekebisha saa inataka saa iliyorekebishwa kwanza! Weka kwa mkono, kukosea dakika mbili tatu hakuna neno:

`sudo date -s "2025-06-14 10:20"`

(Andika ya leo, usinakili ya kwangu.) Halafu `make clean`, kisha `./configure` upya, na hapa usipitishe macho tu. Mwishoni kuna mstari wa Features wenye alama za kujumlisha na kutoa. Ukiona `-PRIVDROP`, libcap-dev haipo, na chronyd itabaki na mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine) muda wote. Tafuta hicho kifurushi. Ukiona `-NTS`, endelea tu. NTS, yaani ulinzi wa NTP (njia ya kuulizia saa mtandaoni), hukagua vyeti, na saa ikirudi 2009 ingegoma kama kivinjari chako kinavyogoma.

Ukishamaliza `make` na `sudo make install`, chronyd inakaa /usr/local/sbin na chronyc, ya kuiuliza hali yake, iko /usr/local/bin. Kwa hiyo hata ile ya kwanza iliingia. Kinachokosekana ni faili la mipangilio na faili la huduma, kwa sababu `make install` haileti hayo mawili. Tengeneza /etc/chrony.conf:

`pool africa.pool.ntp.org iburst`
`driftfile /var/lib/chrony/drift`
`makestep 1.0 3`
`rtcsync`

Mstari wa makestep ndio wa kukufaa wewe: katika masahihisho matatu ya mwanzo, tofauti ikizidi sekunde moja, saa inarushwa mara moja. Bila huo, chrony huisogeza saa taratibu, na kutoka 2009 mpaka leo ungezeeka unasubiri.

Faili la huduma lipo kwenye folda ya examples, linaitwa chronyd.service. Linakili kwenye /etc/systemd/system, lakini ulifungue kwanza: ExecStart inaelekea /usr/sbin, na yako iko /usr/local/sbin. Rekebisha, na mwishoni mwa mstari huo ongeza `-s`. Hiyo, mashine ikiwaka na saa ya uongo, huanzia angalau pale faili la drift (kumbukumbu ya jinsi saa inavyokosea) lilipoandikwa mara ya mwisho. Kisha:

`sudo systemctl disable --now systemd-timesyncd`
`sudo systemctl daemon-reload`
`sudo systemctl enable --now chronyd`

Ile ya kwanza usiiruke. Programu mbili zikigombea saa moja hutajua ipi ni ipi.

steshenari_tanga

Dada ubarikiwe. Safari hii make imepita bila onyo hata moja. `chronyc sources` mwanzo ilionyesha `^?` zote (vyanzo visivyotumika) na Reach 0, nikaanza kukata tamaa.

bi_terminali

Reach 0 maana yake hakuna jibu hata moja lililorudi. NTP inapita UDP, mlango 123, na mitandao mingine huuziba. Jaribu laini nyingine.

steshenari_tanga

Nimebadilisha laini, sasa kuna `^*` moja (chanzo kilichochaguliwa) na Reach imepanda mpaka 377, yaani majaribio nane ya mwisho yote yamejibiwa. Betri nimeagiza. Limebaki moja: mashine hiyohiyo ina Windows upande wa pili, na nikiingia huko saa iko nyuma saa tatu kamili.

mtaa_wa_nyuma

Hilo naliweza. Linux inaandika UTC (saa ya kimataifa) kwenye saa ya mazabodi, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko UTC+3. Kwenye rejista ya Windows nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation, ongeza DWORD iitwayo RealTimeIsUniversal, ipe thamani 1, zima na uwashe.