Tupeane uzoefu: safari ya Kilambo, mpakani na Msumbiji kwenye mto Ruvuma, kwa gari za abiria

Mtoto wa Mikindani: Wadau wa kusini habarini. Leo nimepita stendi hapa Mtwara nikasikia konda anaita "Kilambo Kilambo, wawili tu bado!" nikasimama palepale. Miaka kumi na tano nyuma niliambiwa hivyo hivyo, wawili tu bado, saa kumi na moja alfajiri, na ile landkruza ikatoka saa nne. Safari yenyewe haifiki hata kilomita hamsini lakini mnafika mtoni mmekuwa rangi moja wote kwa vumbi, mbuzi ndani, magunia ndani, mama mjamzito kakalia tairi la spea. Walioonja leteni yenu.

Korosho Daraja la Kwanza: Wawili tu bado 🙌 hiyo kauli haijawahi kuwa kweli.

Bi Mahurunga: Mimi nilikuwa sitaki kuandika ila mmenikumbusha. Mwaka 2012 tunarudi kutoka Palma, tulienda kumzika shangazi, nina mtoto mgongoni wa miezi minane. Tumeshuka kwenye chapa, zile gari zao za abiria, upande wa Msumbiji jua limeshainama, pantoni lipo ng'ambo limekaa kwenye mchanga, wanasema maji mafu leo, hayajai vya kutosha, halitembei mpaka kesho. Basi mzee mmoja akasema atatuvusha kwa mtumbwi, tukaingia watu saba na baiskeli na viroba. Katikati ya mto mtumbwi ukakwama kwenye fungu la mchanga, maji yanazidi kupwa, pondo inazama kwenye tope haishiki. Yule mzee akasema kimya, mtu asiongee. Nikageuka nikaona masikio, nilidhani magogo, kumbe viboko wanne na mmoja ana mtoto wake. Ule mpumuo wake mpaka leo nausikia, kama mtu anafungua upepo wa tairi la lori. Mwanangu akaanza kulia nikampa ziwa, anatema, nikampa tena, huku maji yanaingia kwa chini na kijana anayachota kwa kidumu cha mafuta kilichokatwa, anachota polepole asipige kelele. Tulikaa hivyo mpaka giza likaingia kabisa, nyota zote juu. Maji yalipoanza kujaa mtumbwi ukaelea wenyewe, tukafika Kilambo usiku wa manane na gari hakuna. Tukalala nje kwenye mikeka ya mama lishe, Mungu ambariki yule mama, hakutaka hata senti.

Korosho Daraja la Kwanza: Yaa Rabi. Pole sana dada.

Mtoto wa Mikindani: Mwili wote umesisimka. Mtoto yuko salama?

Bi Mahurunga: Yuko sekondari sasa. Mtoni haendi.

Dereva wa Masasi: Poleni, ila watu mnajitesa. Daraja la Umoja la kuvuka Ruvuma lipo Mtambaswala tangu 2010, mita 720, marais wawili walikuja kulifungua. Panda gari Masasi, shuka Mangaka, unganisha mpaka mpakani, unavuka kwa miguu yako mikavu.

Mmakonde wa Ng'ambo Zote: Mkuu heshima yako lakini hujawahi kuvuka hilo daraja ukaendelea. Ukishafika Negomano, ng'ambo ya daraja, unapanda nini? Mimi nilikaa siku mbili chini ya mwembe nasubiri lori la kwenda Mueda. Halafu mtu wa Mtwara mwenye ndugu Palma umzungushe mpaka Nanyumbu huko liliko daraja, kwa nauli ya nani?

Dereva wa Masasi: Nimesema usalama, sijasema ukaribu.

Mmakonde wa Ng'ambo Zote: Na usalama wenyewe siku hizi tuuongee vizuri. Tangu Oktoba 2017 mji wa Mocímboa da Praia, kule Msumbiji, ulipovamiwa na wapiganaji wenye silaha njia yote ile imebadilika. Machi 2021 Palma ilipopigwa dada yangu alitembea porini na wanae, simu haipatikani siku kumi na moja. Nilikuwa nashinda pale Kilambo naangalia kila mtumbwi unaotia nanga. Sasa mtu akiniambia habari ya daraja, roho inauma.

Dereva wa Masasi: Nisamehe ndugu yangu, sikujua. Alifika?

Mmakonde wa Ng'ambo Zote: Alifika, alhamdulillahi. Pungufu mtoto mmoja.

Korosho Daraja la Kwanza: Innalillahi.

Konda Mstaafu: Poleni sana wote. Kwa anayetaka kwenda: uliza kwanza bamvua, yale maji makubwa, ni lini, wavuvi wa Mikindani watakwambia. Siku za bamvua maji yanajaa vizuri pantoni linatembea, maji mafu kaa nyumbani. Gonga muhuri pande zote mbili hata kama unaenda msibani, bila muhuri kurudi ni shida.

Mtoto wa Mikindani: Wengine wanasema usibebe hela nyingi, wengine wanasema beba maana metikali, hela ya Msumbiji, ng'ambo zinabadilishwa kwa bei ya kukukaba.

Konda Mstaafu: Badilisha Mtwara mjini kabla ya kupanda. Na usikae nyuma kabisa ya landkruza, chesisi inarusha, figo zinahama.

Bi Mahurunga: Kaa nyuma ya dereva, shika bomba. Na ukikuta pantoni halipo jua limezama, lala hukohuko. Nasema tena, lala hukohuko.

Mgeni Kusini: Asanteni. Naenda Alhamisi, mama mkwe anaumwa. Gari ya kwanza saa ngapi?

Konda Mstaafu: Kuwa stendi saa kumi na moja. Mpe pole mama.