Wakuu mnaoendesha pikipiki Mwanza, macho mnayaweka wapi?

Mgeni_wa_Nyakato
Habari za jioni wakuu. Nina miezi minne kwenye Boxer, kila siku Nyakato mpaka mjini kazini. Jana pale Buzuruga haisi imesimama nikapita kushoto kwake, mara mlango huo, konda mguu mmoja nje, nikafunga breki pikipiki ikalala. Goti limechunika tu. Mama wa ndizi akaniuliza pole mwanangu, we ulikuwa unaangalia nini? Na kweli nilikuwa kwenye saiti mira, kuna lori lilikuwa linanipumulia nyuma. Sasa nikiwa makini na kila kitu nafika kazini kichwa kinauma, nikilegeza ndo kama jana. Nyie mnafanyaje?

Jiwe la Igoma
Uza upande haisi 😂 natania, pole mkuu. Ila kushoto kwa haisi kituoni hapapitwi, ile njia ya abiria.

boda_mstaafu
Pole sana kijana. Nimepiga boda Kirumba miaka tisa, vyote huwezi kuviangalia, ukilazimisha huoni hata kimoja. Haisi mimi naangalia tairi la mbele, maana dereva anaweza akakutazama usoni kabisa na asikuone, indiketa ndo usiseme, lakini tairi likianza kukata tu ujue anakuchomekea. Halafu konda, akigonga bodi kuna kitu kinakuja. Kingine spidi, kwenye 60 unakula kama mita 17 kwa sekunde na hiyo sekunde ni ya kushtuka tu, breki bado hujagusa. Mimi kuanzia Mabatini naendaga 30, vitu vinakuja taratibu hata kichwa hakiumi.

Dada Nyegezi
Boda umemaliza. Mi naongezea shimo, ukilikodolea macho unaliingia, angalia pale unapotaka kupita. Na mvua ikianza zile dakika za kwanza lami inakuwa kama sabuni, mafuta na vumbi vinapanda juu, mi nasimamaga kwanza kibandani nanunua karanga. Mleta mada, jana ulikamata breki gani?

Mgeni_wa_Nyakato
Ya nyuma dada, nilikanyaga yote.

Dada Nyegezi
Ndo maana ililala. Ya mbele ndo inasimamisha, unaibana taratibu huku unaongeza, usiinyakue. Jumapili asubuhi tafuta uwanja mtupu ujifunze, na helmeti uvae.

Mgeni_wa_Nyakato
Helmeti ninayo, mkanda tu ndo umekatika.

Jiwe la Igoma
Toka lini?

Mgeni_wa_Nyakato
Nilivyoinunua 🙈