Tupeane uzoefu: kompyuta ya waya inayokata intaneti kila saa

Mwanachumbageni: Wakuu, heshima kwenu. Jirani kaniita nimwangalizie kompyuta ya mezani, amechoka nayo mpaka anataka kuiuza. Waya umechomekwa vizuri, taa za ruta zinawaka, simu zote za humo ndani zinapata Wi-Fi, ila kompyuta inakata, inarudi, inakata. Nimekumbuka mbali. Yaliyowakuta mwageni hapa.

Fundi Waya: Simu zikipata na kompyuta ikakosa, usiwapigie watoa huduma, wataishia kukuambia uzime ruta uwashe. Ubovu uko kwenye kebo, tundu la ruta au kadi ya mtandao, ile sehemu ya kompyuta inayopokea waya. Badilisha kebo kwanza, halafu tundu. Bado? Ikikata, fungua Command Prompt ya Windows, lile dirisha la kuandikia amri, andika ipconfig. Anwani ya IP, ile namba ya kompyuta kwenye mtandao, ikianza na 169.254, ujue kompyuta imeomba anwani na ruta haikuitikia.

Mama Swalehe: Kebo hiyo. Yangu panya waliitafuna nyuma ya kabati, kwa mbele inang'aa kama mpya.

Binti Raskazone: Mmenitonesha kidonda. Nilikuwa na usaili wa kazi ya kufasiri, tena walisisitiza nitumie waya, Wi-Fi hawaitaki. Nimejiandaa, nimevaa, watoto nimewapeleka kwa bibi yao. Tunakwenda vizuri mpaka swali la mshahara. Nafungua mdomo tu, jopo zima likaganda kwenye kioo. Kompyuta inawaka, waya upo, intaneti hakuna. Ikarudi, nikaomba radhi, nikaanza kujibu, ikakata tena. Nikatoka uani nalia, ndipo nikasikia pampu ya mwenye nyumba inanguruma, inapandisha maji kwenye tenki. Ikazimwa. Ikawashwa. Narudi ndani, ruta imezima taa zote, inaanza upya. Kumbe pampu ikiamka umeme unashuka ghafla. Kompyuta ilikuwa kwenye UPS, kile kifaa chenye betri cha kushikilia umeme, haikutikisika, ruta iko kwenye ekstensheni ya kawaida. Miezi yote ile nilikuwa nanunua kebo!

Kijana wa Makorora: Kazi ulipata dada?

Binti Raskazone: Walimchukua mwingine.

Mama Swalehe: Pole sana mwanangu. Na mwenye nyumba ulimwambia?

Binti Raskazone: Alinijibu maji ni ya wapangaji wote, intaneti ni yangu peke yangu.

Kijana wa Makorora: Hama hapo. Huyo hana utu.

Baba Mpangishaji: Ahame kwa sababu ya ruta? Mwenye nyumba kasema kweli, watu wakae bila maji?

Kijana wa Makorora: Pampu ilipaswa kuwa na laini yake kutoka kwenye meinswichi, mzee. Siku jokofu la mpangaji likiungua utalilipa wewe?

Baba Mpangishaji: Kijana, jenga nyumba yako kwanza ndipo uje kunifundisha.

Fundi Waya: Jamani, turudi kwenye mada. Ya dada ni umeme, dawa yake ni kuchomeka ruta kwenye UPS hiyohiyo. Ya jirani ni nyingine, maana simu zake hazikati.

Mswahili Maskati: Huku kompyuta yangu ilikuwa inazima kadi ya mtandao yenyewe ili kuokoa umeme. Nenda kwenye mipangilio ya kadi, ondoa tiki ya kuruhusu izimwe. Ilinisaidia kiasi. Kilichomaliza kabisa ni kuishusha kadi kutoka gigabiti 2.5 hadi 1.

Kijana wa Makorora: Mpe anwani ya kudumu, yamekwisha.

Fundi Waya: Usimpe kiholela! Ruta ikija kumpa televisheni anwani hiyohiyo, zitagongana na utazidisha ugonjwa.

Mwanachumbageni: Nimetoka kuangalia. Kasi ya kadi inasomeka Mbps 100, na yeye anasema zamani ilikuwa 1000.

Fundi Waya: Umeshamkamata mwizi. Gigabiti, yaani hiyo 1000, inataka nyuzi zote nane za kebo, 100 inatosheka na nne. Kuna uzi umekatika au kichwa kimekrimpiwa, yaani kimebanwa kwenye nyuzi, vibaya. Kata vichwa vyote viwili, krimpu upya kwa mpangilio mmoja pande zote. Ukikwangua uzi ukaona weupe badala ya shaba, tupa kebo nzima, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu.

Baba Mpangishaji: Anunue kebo ya Cat 8, daraja la juu, aondokane na kero.

Fundi Waya: Cat 5e ya shaba inabeba gigabiti mpaka mita 100. Nyumba yake ina mita ngapi?

Mwanachumbageni: Kumi hazifiki. Nimekwangua, ni nyeupe. Nakwenda dukani.