RV (gari lenye nyumba ya kulala ndani) ya familia Minneapolis hadi Phoenix, Desemba: tukodi huku, tuvute trela, moteli, au tukodi kule kule?

Mwanaisha_MN
Habari zenu wanajukwaa. Tunataka kwenda Phoenix na kurudi, siku 16 kuanzia tarehe 20 Desemba. Tuko wanane: watu wazima watano, mmoja wao mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, kijana wa miaka 14, mtoto wa miaka 4 na mchanga wa miezi 9. Tumebaki na njia nne:

1. RV ya petroli ya futi 31, ile yenye kitanda juu ya dereva, tuikodi hapa Minneapolis.
2. Trela ya kulala, ivutwe na pikapu ya shemeji.
3. Gari mbili za kawaida na moteli njia nzima.
4. Gari zetu hadi Phoenix, RV tuikodi kule kwa wiki moja.

Naomba hesabu na mambo ya kiufundi. Raha ya safari tunaijua.

DerevaWaMizigo
Dada, tuanze na barabara. Barabara kuu ya I-35 kupitia Des Moines, Kansas City na Wichita hadi Oklahoma City ni kama maili 790. Hapo unashika I-40 kupitia Amarillo na Albuquerque hadi Flagstaff, maili 865 hivi, halafu I-17 inakushusha Phoenix kwa maili 145. Jumla 1,800 kwenda tu.

RV ya ukubwa huo iko kwenye chesisi ya Ford E-450, inakwenda maili 8 hadi 10 kwa galoni. Upepo wa mbele ukikukuta pale Amarillo, hesabu 7. Tuseme 8.5: kwenda na kurudi ni galoni 424. Minivan inayokwenda maili 24 kwa galoni hutumia 150, kwa hiyo mbili ni 300. Tofauti ya mafuta siyo kubwa kama watu wanavyodhani.

Kinachoumiza ni muda. Desemba giza linaingia saa kumi na moja na nusu jioni, na RV nzito haiendeshwi usiku kwenye barafu. Panga maili 350 hadi 400 kwa siku, yaani siku tano kwenda na tano kurudi. Kati ya siku 16, kumi zimeishia kwenye lami. Gari ndogo zenye madereva wawili wawili zinamaliza kwa siku nne.

Msiogope theluji ya Minnesota kuliko mvua ya barafu ya Kansas na Oklahoma. Theluji unaiona. Mvua ya barafu hulaza kioo juu ya lami, na madaraja hutangulia kuganda kwa sababu hewa baridi inapita juu na chini yake. Ikitangazwa, lala ulipo. Na upepo wa kuvuka ukifika maili 40 kwa saa, RV yenye kimo cha futi 11 isogee kituo cha malori isubiri.

FundiBomba
Namba 1 ina jambo ambalo mkodishaji hatalitangaza: RV ya kaskazini ukiichukua Desemba unapewa mabomba makavu, yamejazwa dawa ya waridi ya kuzuia kuganda. Maana yake hamna maji ya bomba mpaka mfike mahali usiku haushuki chini ya sifuri. Kwa njia hiyo hapo siyo Oklahoma wala Albuquerque. Ni karibu na Phoenix kabisa. Mnalipia bafu na sinki mnazozitazama tu.

Mkifika mtasafisha dawa kwa maji safi. Kabla ya kupanda tena Flagstaff mtarudia kukausha, hivi: zima hita ya maji, iache ipoe, fungua bomba la moto kutoa presha, ndipo utoe kizibo cha hita na kumwaga galoni zake 6. Geuza vali ili dawa isiingie kwenye hita, la sivyo galoni 6 za dawa zinapotea humo. Pampu ivute galoni 2 hadi 3 kutoka kwenye dumu. Fungua kila bomba, la baridi kisha la moto, kuanzia lililo karibu na pampu, mpaka rangi ya waridi itoke. Msisahau choo na bomba la kuogea la nje. Hilo la nje ndilo hupasuka kwa sababu halikumbukwi. Malizia na kikombe kimoja kwenye kila shimo la sinki na bafu. Dawa iwe ile ya RV, siyo ya kijani ya rejeta, ambayo ni sumu.

Sasa joto. Hita ya gesi ya BTU 30,000 (kipimo cha joto kwa saa) ikiwaka mfululizo hula theluthi ya galoni ya propeni kwa saa. Nje kukiwa nyuzi 15 chini ya sifuri itawaka kama theluthi mbili ya muda: galoni 5 na kidogo kwa siku. Tangi la galoni 10 linaisha siku ya pili.

Hata gesi ikiwepo, feni yake inakula ampea 8 hivi za betri. Usiku wa saa 12, ikiwaka theluthi mbili ya muda, ni ampea-saa 64. Betri mbili za kawaida za ampea-saa 100 kila moja zinakupa nusu tu bila kuharibika, yaani 100, na baridi hiyo inapunguza theluthi nyingine. Umebaki na kama 65. Taa mbili na pampu vikiongezeka, feni inanyamaza alfajiri, saa yenye baridi kali kuliko zote. Kwa hiyo lazima mlale penye umeme. Betri za lithiamu zinatoa zaidi, lakini hazipokei chaji zikiwa chini ya sifuri.

Mwanaisha_MN
Fundi, tukilala penye umeme, si tutumie hita mbili za umeme tuokoe gesi?

FundiBomba
Soketi ya ampea 30 inatoa wati 3,600. Hita moja ya wati 1,500 inachukua 12.5, mbili 25. Mtu akiwasha maikrowevu, swichi inakata. Ila hilo ni dogo. RV nyingi zilizofungwa vizuri chini hupeleka joto la hita ya gesi kwenye matangi kupitia mabomba ya hewa yaliyo sakafuni. Ukipasha chumba kwa umeme, kipimajoto kinaridhika, hita ya gesi haiwaki, na chini ya miguu yenu matangi yanaganda huku juu mmevaa fulana. Hita moja ya umeme iwe msaidizi, gesi ibaki bosi. Wala hita isichomekwe kwenye ekstensheni nyembamba. Shika plagi baada ya nusu saa, ikiwa ya moto, chomoa.

Watu wanane pia wanapumua maji mengi. Tundu la paa liachwe wazi upana wa kidole usiku kucha hata kama mtu analalamika baridi, la sivyo asubuhi magodoro yanayogusa ukuta yameloa kwa chini.

Trela_Kwanza
Mbona namba 2 imeachwa yatima? Trela ukifika unaifungua, pikapu inabaki huru kwenda sokoni na matembezini. Kwenye RV, mkitaka maziwa ya mtoto mnaondoka na nyumba nzima. Na gari likiharibika njiani, mna pa kulala likiwa gereji.

DerevaWaMizigo
Kweli kabisa, kwa majira ya joto. Hesabu uzito kwanza. Trela ya pauni 7,000 inaweka asilimia 10 hadi 15 kwenye ndoano. Chukua 12, ni pauni 840. Abiria watano ni kama 800. Jumla 1,640 kabla ya begi hata moja. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha njano: pikapu nyingi za kawaida zinaruhusu 1,300 hadi 1,900. Na watu wasipande ndani ya trela ikiwa inavutwa, kwa hiyo watatu waliobaki wanahitaji gari jingine. Kwenye barafu trela inakusukuma mgongoni ukifunga breki. Lazima upunguze nguvu ya breki za trela kwenye kidhibiti ili tairi zake zisiteleze, na shemeji awe amezoea. Kama hajazoea, barabara ya Flagstaff mwezi wa kumi na mbili siyo shule.

Trela_Kwanza
Hapo kwa abiria umenishika. Kwa watu wanne ningebisha.

Shangazi_Dallas
Mwanangu Mwanaisha, wanapoandika "inalaza wanane" uliza mikanda iko mingapi na viti vinatazama wapi. Vitanda vinane haviambatani na mikanda minane. Kiti cha mtoto hakifungwi kwenye kochi linalotazama ubavuni wala kiti cha meza kinachotazama nyuma ya gari. Hata cha mchanga, ambacho chenyewe hutazama nyuma, hufungwa juu ya kiti cha RV kinachotazama mbele. Mbele karibu na dereva asikae kwa ajili ya mfuko wa hewa. Viti vya meza mara nyingi vina mkanda wa kiunoni tu. Soma kitabu cha kiti cha mtoto kama kinaukubali. Mna watoto wawili wa viti, huenda nafasi zinazofaa ni mbili tu katika gari zima.

Halafu heshima. Kitanda cha nyuma chenye mlango apewe mama mkwe na mjukuu mmoja. Kipo karibu na bafu, hapiti mbele ya mkwewe na kanga usiku. Kitanda cha juu ya dereva kina ngazi na dari ya kuinama, na ndicho chenye baridi kuliko vyote. Apewe kijana, na pazia lifungwe liwatenge na vioo vya mbele.

Maji ya kutawadha: bomba likiachwa wazi, kila mtu anamaliza lita tano au zaidi, na yote yanaingia tangi la maji machafu. Birika la lita moja linatosha. Kuoga ni galoni 5 kwa mtu, maji yafungwe wakati wa kujipaka sabuni. Wanane ni 40, na tangi nyingi za maji ya kuogea ni karibu hapo hapo. Kambi nyingi zina mabafu, kaogeni huko.

Kibubu
Nimepiga hesabu kwa bei za mfano, badilisheni kwa mtakazopewa: RV dola 150 kwa siku pamoja na maili 100, maili ya ziada senti 35, bima 30 kwa siku, kambi 50 kwa usiku, petroli 3 kwa galoni, chumba cha moteli 90 kwa usiku na vyumba vitatu.

Namba 1: kodi 2,400, maili 2,000 za ziada 700, bima 480, petroli 1,270, kambi usiku 15 ni 750, gesi 150. Jumla 5,750.
Namba 3: petroli 900, moteli 4,050. Jumla 4,950.
Namba 4: gari ndogo 900, moteli usiku 8 ni 2,160, RV siku 7 kodi 1,050, bima 210, petroli ya maili 700 ni 250, kambi 350. Jumla 4,920.

Namba 4 inawapa RV yenye maji, wakati ambao RV ina maana, bila kuzidi bei ya moteli. Mimi sioni ubishi. Mnaokoa pia saa za jenereta, ambazo wakodishaji wengi hutoza kando.

Kugawana: gharama zihesabiwe kwa kichwa cha mtu mzima, siyo kwa kaya, na mama mkwe mgeni asihesabiwe. Pesa iwekwe kabla ya safari kwenye kadi moja ya matumizi ya pamoja. Dhamana itashikwa kwenye kadi ya mtu mmoja, kwa hiyo andikianeni ujumbe mapema: anayekwaruza akiwa kwenye usukani ndiye anayelipa. Madereva wote waandikwe kwenye mkataba siku ya kuchukua. Asiyeandikwa akigonga, bima inaweza kukataa.

Nassor_PHX
Karibuni. Phoenix Desemba mchana ni nyuzi 19 hivi, usiku 6 au 7. Mabomba hayana shida. Mkitaka jangwa, Quartzsite iko maili 130 magharibi kwa I-10, na eneo la La Posa la ardhi ya serikali hutoza ada ya kukaa siku 14, ila mengi ya huko hayana umeme.

Grand Canyon, lile korongo kubwa, ni hadithi nyingine. Ukingo wa Kusini uko mita 2,100 juu ya bahari, usiku unashuka chini ya sifuri. Kambi ya Trailer Village ipo wazi mwaka mzima na ina umeme na maji. Kambi ya Mather ipo wazi lakini haina umeme wa kuchomeka. Wekeni nafasi mapema. Msiunganishe mpira wa maji usiku: jazeni tangi la ndani mchana, tumieni pampu, na vali ya maji machafu ifungwe mpaka wakati wa kumwaga. Mkiiacha wazi, maji yanadondoka kidogo kidogo na kuziba bomba kwa barafu. Uzuri wa msimu huu, barabara ya Hermit inaruhusu magari binafsi Desemba hadi Februari tu, ila mtatumia gari dogo. RV iacheni kambini.

Mama mkwe kama si mkazi wa Marekani, tangu 1 Januari 2026 mgeni wa miaka 16 na zaidi anatozwa dola 100 za ziada kuingia Grand Canyon, juu ya ada ya gari ya 35.

DerevaWaMizigo
Mkikwepa Flagstaff kwa dhoruba, shukeni I-25 kutoka Albuquerque hadi Las Cruces, mshike I-10 kwenda Tucson. Inaongeza maili 150 hivi. Magharibi ya Las Cruces kuna kizuizi cha askari wa mpaka, kwa hiyo pasipoti ya mama mkwe iwe kwenye mkoba wake.

Na kila asubuhi pimeni upepo wa tairi kabla ya kuondoka. Joto likishuka nyuzi 10 za Fahrenheit, psi (kipimo cha upepo wa tairi) moja hadi mbili zinapotea.

Mwanaisha_MN
Tumekubaliana namba 4, asanteni sana. La mwisho: mama anataka jiko lake la mkaa kwa mishikaki na chapati. Na tuna kale kajiko ka meza ka kopo la gesi. Vinafaa?

FundiBomba
Kajiko ka kopo nyingi hutumia butani, na butani haigeuki mvuke ikifika karibu na sifuri. Phoenix kitawaka, Grand Canyon asubuhi kitagoma. Jiko la RV lenyewe ni la propeni, halina neno, ila pikeni tundu la paa likiwa wazi na msilitumie kupasha chumba.

Jiko la mkaa ni nje tu, mita kadhaa kutoka kwenye RV, upande ambao upepo hausukumi moshi madirishani, na muulize kambi kama inaruhusu mkaa. Mkimaliza lisiingizwe ndani hata likionekana limezimika. Makaa yaliyofunikwa na majivu ndiyo hutoa kaboni monoksaidi bila moshi wala harufu. Mwagieni maji, majivu yalale nje kwenye debe la chuma lenye kifuniko. Na siku ya kuchukua RV, bonyeza kitufe cha kupima king'ora cha kaboni monoksaidi mbele ya mkodishaji. Kisipolia, usisaini.