Tope chafu la bandarini: lizikwe baharini au liletwe nchi kavu?

Mwana wa Kisauni: Nauliza kwa dhati. Tope la bandari kongwe hubeba mafuta, risasi na ile sumu ya TBT ya kwenye rangi za meli, iliyopigwa marufuku duniani 2008. Bandarini Kilindini, Mombasa, likichimbwa, liende wapi? Boston walichimba mashimo chini ya njia ya meli, wakalitia humo na kulifunika kwa mchanga. Oslo walilishusha kwa bomba hadi kina cha mita 70 hivi, karibu na kisiwa cha Malmøykalven, 2006 hadi 2008, kisha wakalifunika. Nasi tufanye hivyo. Wavuvi watapinga, najua, lakini wao hupinga kila kitu mpaka wasikie fidia.

Nahodha Mtongwe: Nakujibu hilo la mwisho. Marehemu baba alivua hori la Makupa kabla ya mafuta yaliyomwagika 1988 kuua mikoko. Ni fidia gani iliyoirudisha? Bamvua iliyopita nilitega jarife hori la Port Reitz. Limekuja na tope jeusi, lanuka yai viza, sabuni haikulitoa. Nimelisugua kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka. Halafu waniambia nangoja pesa?

Mwana wa Kisauni: Mzee wangu, sikukutaja wewe.

Nahodha Mtongwe: Umesema wavuvi. Mimi ni nani?

Bi Zuhura: Na huo mchanga wa kufunikia utachotwa wapi? Waa na Tiwi tena? Watu wa Kwale walishalia sana na mchanga wao.

Fundi wa Changamwe: Naombeni turudi kwenye tope. Ukilianika nchi kavu hewa inaingia, madini yaliyoshikwa na salfa yanaachia, mvua ikinyesha yanarudi mtoni na baharini. Chini ya maji, pasipo hewa, hutulia. Shida ni haraka. Boston shimo moja lilifunikwa tope likiwa bado bichi, mchanga ukazama na kuchanganyika nalo. Ni kama kutupa kokoto kwenye uji mwepesi. Yataka kungoja miezi lijikaze, kisha mchanga unyunyizwe tabaka jembamba jembamba, usimwagwe kwa mkupuo.

Salma Likoni: Na kaa wanaochimba mashimo? Na nanga? Na mapanga ya meli zinapogeuka? Huo mfuniko utalindwa na nani miaka yote?

Fundi wa Changamwe: Ndiyo maana mfuniko huwa mnene kuliko kina wanachochimba kaa na wadudu wa tope, na nanga hukatazwa hapo. Bi Zuhura, New York tangu 1997 wanafunika jalala lao la zamani la baharini kwa udongo safi unaotoka kwenye kuchimba njia za meli. Si lazima ufuo wa mtu uguswe.

Bi Zuhura: Safi kwa kupimwa na nani?

Nahodha Mtongwe: Mwaliacha jambo langu. Iliposomwa orodha ya fidia kwetu, ndani yake mlikuwa na majina ya watu wasiojua kushika kafi, na wazee wenye madau wakaachwa. Nilikuwepo, nimesimama juani tangu asubuhi.

Salma Likoni: Hilo ni kweli. Ami yangu aliachwa vilevile.

Mwana wa Kisauni: Basi hilo neno la fidia nalifuta, mzee. Nimekukosea.

Kijana wa Jomvu: Msilifute. Hiyo orodha nani anayo? Ilete hapa.