Reli ya Kipushi ibebe zinki tu, ao na watu?

Wandugu, mada ni hii. Kutoka Munama, kusini ya Lubumbashi, kuna tawi la reli linaloenda mpaka Kipushi, karibu kilomita 34. Mwaka 2017 SNCC, shirika la reli la Kongo yetu, na wenye mgodi wa Kipushi walikubaliana kulifufua ili lisafirishe zinki. Mgodi wenyewe ulilala tangu 1993, ukaanza tena kutoa mali mwaka 2024. Juzi rafiki yangu aliniambia tusidanganyane: reli ya huku ni ya madini, abiria wabaki na mabasi yao. Mimi nakataa.

Jirani yangu, mama wa watoto wanne, anachuuza unga kati ya Kipushi na soko la Kenya (komini yetu, sehemu ya mji wa Lubumbashi, si ile nchi). Anatoka nyumbani saa kumi ya alfajiri. Basi haliondoki mpaka lijae, basi anakaa humo kiroba magotini, na kiroba cha pili anakilipia nafasi kama mtu. Siku moja kilipandishwa juu ya gari, mvua ikakishika njiani. Nilimkuta jioni ameanika unga kwenye mkeka, anauchambua kwa vidole, madonge huku, mkavu huku. Faida ya wiki nzima. Behewa lina sakafu na paa: kiroba kinalala chini, mama anakaa. Tena treni ikiwekewa saa, inaondoka saa hiyo, ijae isijae.

Na si kazi tu. Nani kati yetu hajala samaki wa Kapolowe? Kwenye njia ya Likasi kuna mahali panaitwa Kapolowe Gare mpaka leo, jina lenyewe ni la stesheni. Natamani siku ya Mungu familia ipande hapa mjini, ishuke kule, ishinde kando ya ziwa, jioni irudi bila kupishana na malori ya shaba. Reli ilifika hapa mwaka 1910, mji ukakua juu yake, na watoto wetu wanafika umri wa kuoa hawajawahi kukaa ndani ya treni. Inaniuma.

Wa Ruashi: Yaya, maneno matamu, lakini nani atalipa? Vichwa vya treni ni vichache, na wenzetu wa reli wamewahi kukaa miezi bila mshahara. Zinki inalipa, viroba havilipi. Reli ipate nguvu kwanza, abiria watafuata.

Wa Kipushi: Hiyo "kwanza" tumeisikia tangu utoto. Nafanya kazi mjini, nikichelewa nakatwa siku. Nipeni moja asubuhi, moja jioni. Hata tiketi ikiwa bei ya basi, nitapanda.

Wa Katuba: Mimi naogopa watoto. Watu wamejenga karibu sana na reli, wengine wanatandika biashara juu yake. Treni za kila siku zitatuletea vilio. Semeni kwanza hao watapelekwa wapi.

Mwenye mada: Wa Katuba, hapo umenigusa, sikuwa nimelipima vya kutosha. Ila treni ya zinki nayo itapita palepale. Basi tudai sasa, kabla haijaanza: vivuko vyenye mlinzi, na mahali pa kuuzia kwa wanaohamishwa.

Wa Ruashi, tazama TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia, na upana wa reli yake ni uleule wa kwetu, milimita 1,067. Mwaka 2012 Dar es Salaam ikaanza kupandisha wafanyakazi juu ya reli hiyo, asubuhi na jioni. Hakuna aliyejenga reli nyingine kwa ajili yao. Pesa ni swali la kweli, silikatai. Lakini kichwa kimoja na mabehewa manne kwa kilomita 34 si ndoto.

Mnaosafiri Kipushi kila siku, semeni: mngelipa franga ngapi, na iondoke saa ngapi?